Panzi Waliotembea Angani: Tuirudie Filamu Iliyotuangusha

Kuna shoti moja katika filamu ya Beginning of the End ambayo ukiiona huisahau, na si kwa uzuri wake. Panzi mkubwa kama basi anapanda ukuta wa jengo refu jijini Chicago. Anapanda vizuri tu, miguu inakamata, vipapasio vinacheza. Halafu jengo linaisha. Panzi haanguki wala hasimami, anaendelea kutembea juu ya anga, mguu baada ya mguu, kama mtu anayekatiza uwanja wa mpira kuwahi chakula. Usiku ule tulikuwa watano kwenye kimbweta, tumeibana laptop moja, na kicheko kilichotoka pale kilimleta mlinzi na tochi yake kuuliza kulikoni.

Mimi sikucheka sana, maana filamu nilikuwa nimeileta mimi. Tulikuwa na kazi ya semina: kila mwanafunzi achague filamu ya kutisha, aeleze ilitoka kwenye woga gani wa zama zake, dakika kumi na tano mbele ya darasa, na alama zake zinaingia kwenye koswaki. Wenzangu wakakimbilia mizimu na mazombi. Mimi nikachagua nzige. Mwanzoni mwa 2021 nzige wa jangwani waliingia kaskazini mwa Tanzania, na bibi yangu analima maharage Mwanga. Alinisimulia kwa simu, na kuna kitu katika sauti yake ambacho sikuwahi kukisikia kabla. Nikajiambia, filamu ya nzige wakubwa lazima itakuwa na hicho kitu. Haikuwa nacho. Uwasilishaji wangu ulikuwa wa kuombea, tuishie hapo.

Sasa nimeirudia, mara mbili tena, bila presha ya alama. Bado ni mbovu. Ila nimegundua kwamba ubovu wake una mafunzo mengi kuliko uzuri wa filamu nyingi tunazosifia, na kwa anayesoma sanaa, baolojia au kilimo, kuna kitu humu ndani cha kuondoka nacho.

Kwanza hadithi. Filamu ilitoka Marekani mwaka 1957, imeongozwa na kutayarishwa na Bert I. Gordon. Mwandishi wa habari, Audrey Aimes, anayeigizwa na Peggie Castle, anakuta mji mdogo wa Ludlow, jimbo la Illinois, umefutika na watu wake hawaonekani. Uchunguzi unamfikisha kwa Dk. Ed Wainwright, yaani Peter Graves, yule ambaye baadaye alipata jina kubwa kwenye Mission: Impossible ya televisheni. Wainwright anatumia mionzi kukuza matunda na mboga ziwe kubwa kupita kiasi ili njaa iishe duniani. Nzige wamekula nafaka yenye mionzi iliyokuwa kwenye ghala, nao wakakua. Jeshi linapiga risasi, linapiga mizinga, nzige wanazidi kusogea mpaka wanaingia Chicago. Jenerali anaamua dawa iliyobaki ni kulipiga jiji lenyewe bomu la atomiki. Dakika za mwisho Wainwright anapata wazo: wacheze mlio wa nzige anayeita mwenza, wauvutishe msafara mzima mpaka Ziwa Michigan, maji ya baridi yamalize kazi. Nzige wanazama. Ed na Audrey wanabaki wakijiuliza kama kuna wadudu wengine waliokula mabaki ya ile mimea. Mwisho. Yote hayo haifiki saa moja na nusu.

Ukisoma muhtasari huo unaweza kudhani ni filamu nzuri. Na hapo ndipo kuna maumivu yangu: kwenye karatasi ni nzuri.

Tatizo la kwanza linalotajwa na kila mtu ni pesa na ujanja wa picha. Gordon hakuwa na uwezo wa kutengeneza panzi wa chuma na mpira, basi akachukua panzi wa kweli, akapiga picha za majengo ya Chicago, akazilaza picha hizo na kuwaachia panzi watembee juu yake huku kamera inazunguka. Ndiyo maana yule jamaa akakanyaga anga: kwake yeye hakukuwa na jengo wala anga, kulikuwa na karatasi tu. Sehemu nyingine panzi wamechomekwa nyuma ya waigizaji kwa kuunganisha picha mbili, na unaona wazi mwigizaji anaangalia upande mmoja na mnyama yuko upande mwingine.

Lakini mimi nakataa kwamba umaskini ndio ulioiua. Sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, tumeangalia muvi ambazo kopi yake imekwanguka, sauti ya mtafsiri imefunika kila kitu, na bado tukatoka tumejikunyata kwa woga. Mtazamaji husamehe picha mbaya. Asichosamehe ni filamu isiyojua inachokiogopa.

Linganisha na Them! ya 1954, iliyotoka miaka mitatu kabla yake. Hiyo ni ya siafu, au tuseme sisimizi wakubwa waliozaliwa na majaribio ya bomu la atomiki kwenye jangwa la New Mexico. Studio ya Warner Bros. ilitengeneza sisimizi wa mitambo wenye ukubwa kamili, na filamu ikateuliwa kuwania Oscar kwa upande wa ujanja wa picha. Sawa, walikuwa na hela. Ila nguvu ya Them! haipo kwenye mitambo. Ipo kwenye mtoto wa kike anayetembea peke yake jangwani, hasemi kitu, macho hayapepesi. Ipo kwenye mlio unaosikika kwenye upepo kabla hujaona mdudu hata mmoja. Unakaa muda mrefu unasubiri, na kusubiri kwenyewe ndiko kunakokumaliza. Gordon yeye anatuonyesha mji uliofutika kwa mbali, wanajeshi wanasimulia, ramani zinachorwa, watu wanapiga simu. Mara panzi huyo, mzima mzima, mchana kweupe.

(Jambo la pembeni lakini tamu: mmoja wa mashujaa wa Them! ni James Arness, na Arness ni kaka yake Peter Graves, wa tumbo moja. Kaka akapata sisimizi wa Oscar, mdogo mtu akapata panzi wa karatasi. Ndugu mkae mkijua, si kila siku mnagawana sawa.)

Hesabu ya mguu

Rafiki yangu mmoja wa uhandisi alikasirishwa na kitu kingine kabisa. Alisema yule panzi asingeweza hata kusimama. Tukakaa tukapiga hesabu, na naiweka hapa kwa sababu haihitaji zaidi ya kuzidisha.

Chukua nzige wa jangwani aliyekomaa. Tuseme ana urefu wa sentimita 7 na uzito wa gramu 2. Mkuze mara 100 kila upande, urefu, upana na kimo. Sasa ana mita 7, ukubwa wa basi dogo. Nguvu ya mguu wake inategemea unene wake, yaani lile eneo unaloliona ukiukata mguu kama muwa. Eneo hilo limekua mara 100 kwa 100, sawa na mara 10,000. Lakini uzito unafuata ujazo, na ujazo umekua mara 100 kwa 100 kwa 100, yaani mara 1,000,000. Gramu 2 zimekuwa tani 2. Nguvu mara elfu kumi, mzigo mara milioni moja: kila kipande cha mguu sasa kinabeba mara 100 ya kile kilichozoea. Ni sawa na wewe kuamka kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi huku umewabeba mgongoni wenzako 99 wa uzito wako. Hata ngazi ya kwanza ya bwenini hushuki. Galileo alishalieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, kwa hiyo Gordon alikuwa na zaidi ya miaka mia tatu ya kulisoma.

Pumzi nayo ni shida. Mdudu hana mapafu kama yetu. Ana matundu pembeni mwa mwili, na kutoka hapo vijibomba vyembamba vinapeleka hewa moja kwa moja hadi kwenye nyama. Kwa mwili mdogo mfumo huu ni wa haraka ajabu. Lakini hewa inaposambaa yenyewe, umbali ukikua mara 100, muda unakua mara 10,000. Panzi wa mita 7 angekosa hewa ndani kabisa ya mwili huku amezungukwa na hewa tele. Zamani, kama miaka milioni 300 iliyopita, kulikuwa na wadudu jamii ya kerengende waitwao Meganeura, mabawa yakikunjuliwa yanakaribia sentimita 70 toka ncha hadi ncha, na wanasayansi wengi wanahusisha ukubwa huo na oksijeni iliyokuwa nyingi angani kuliko asilimia 21 tuliyo nayo leo. Sentimita 70. Hapo ndipo wadudu walipofika walipopewa nafasi nzuri kabisa.

Na hatujagusa gamba. Mdudu hukua kwa kujivua gamba la nje, na linapotoka mwili unabaki laini mpaka jipya likauke. Tani mbili za mwili laini bila mifupa, utaziokota kwa sepetu.

Mhandisi wangu alifunga daftari akasema filamu imekufa. Mimi sikukubaliana naye. Filamu ya kutisha haidaiwi fizikia. Sungura wetu wa hadithi anaongea na fisi na hakuna aliyewahi kuomba ushahidi. Hesabu ile ilinisaidia kwa njia nyingine: ilinionyesha kwamba ukubwa si nguvu ya nzige. Ukimfanya nzige kuwa mkubwa, umempokonya kila kitu kinachomfanya awe nzige.

Udogo wao ndio tishio

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linatoa takwimu ambazo mtu hawezi kuzisoma akatulia. Kilomita moja ya mraba ya kundi la nzige wa jangwani inaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80. Kila mmoja anaweza kula chakula chenye uzito kama wake, gramu 2 kwa siku. Zidisha: milioni 40 kwa gramu 2 ni tani 80. Kwa siku moja. FAO inasema hicho ni chakula cha watu 35,000. Sasa, mapema mwaka 2020 kundi moja kaskazini mashariki mwa Kenya lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Hizo ni kilomita za mraba 2,400, kubwa kuliko mkoa mzima wa Dar es Salaam. Kenya haikuwa imeona uvamizi wa namna ile kwa miaka 70.

Weka kilomita hizo 2,400 kando ya panzi wachache wa Gordon wanaotambaa kwenye picha ya ghorofa, uniambie nani anatisha.

Lugha yetu hapa iko mbele ya filamu. Sisi tuna panzi, tuna nzige, tuna parare, tuna tunutu, yaani nzige mchanga asiyeota mabawa, na Bukoba wana senene, ambao ukiwatazama vipapasio vyao virefu unajua hao ni ukoo mwingine. Kila jina lina uhusiano wake na binadamu. Panzi ni wa watoto kukimbiza. Senene ni wa kikaangio. Nzige ni wa kupiga debe na kulia. Rafiki yangu Mhaya tuliyekuwa naye kimbwetani, alipomwona panzi wa kwanza amejaa kwenye kioo, hakuogopa hata kidogo. Alisema, "Huyo mmoja tu, kijiji kizima tunakula mpaka Krismasi." Ukishasikia hilo, filamu haiwezi kukurudisha tena kwenye woga.

Lakini jambo la kutisha kuliko yote kuhusu nzige si hata idadi. Ni kwamba wanageuka. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alionyesha kwamba nzige wa msafara na panzi mpole wa peke yake, waliodhaniwa kuwa spishi mbili, wanaweza kuwa mdudu yuleyule katika hali mbili. Nzige wa jangwani akiwa peke yake ni mpole, anajificha, anawakwepa wenzake. Mvua ikinyesha, wakaongezeka, majani yakapungua, wakasongamana na kugusanagusana miguu ya nyuma, ndani ya saa chache tabia inabadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kemikali ya serotonini ndiyo inayowasha mabadiliko hayo, kemikali hiyohiyo tuliyo nayo sisi kichwani. Anayekwepa anaanza kufuata. Baadaye hata rangi inabadilika. Yeyote aliyewahi kuona foleni ya kusaini boom inavyogeuka kutoka watu wastaarabu kuwa kitu kingine saa sita mchana, hahitaji maelezo zaidi.

Kuna lingine. Watafiti waliochunguza tunutu wanaoandamana waligundua kwamba sehemu ya kinachowasukuma kwenda mbele ni kuogopa wa nyuma. Ukisimama, mwenzako anakutafuna. Msafara unaonekana kama jeshi lenye nidhamu, kumbe kila mmoja anamkimbia aliye mgongoni kwake.

Sasa rudi kwa Gordon. Alisimulia mwenyewe kwamba aliagiza panzi 200 kutoka Texas, na wakaguzi wa kilimo walimruhusu madume tu ili wasije wakatoroka na kuzaana. Kufika wakati wa kupiga picha, panzi walikuwa wameshaanza kulana ndani ya boksi, na waliobaki walikuwa kama 12. Soma tena sentensi hiyo. Mtu alikuwa na boksi la panzi wanaotafunana gizani mpaka 200 wakawa 12, na akaona hiyo ni hasara ya vifaa. Filamu ya kutisha ilikuwa ndani ya lile boksi! Yeye akawatoa waliosalia, akawaweka juu ya picha, akawasha taa.

Na huo mlio wa kuita mwenza unaowapeleka ziwani? Kwa panzi wengi anayeimba ni dume, akimwita jike. Jeshi zima lililoingia Chicago lilikuwa madume. Sijui tuseme nini hapo.

Kwa haki, jambo moja walilipata sawasawa, nalo ni baridi. Nzige hana uwezo wa kujipasha joto kama sisi. Asubuhi na mapema anakuwa mzito, ameganda kwenye kichaka, mpaka jua limpashe ndipo aruke. Waliopambana nao kwa dawa mwaka 2020 na 2021 waliutegemea muda huo wa alfajiri. Ziwa la baridi si wazo la kijinga.

Kilichoniudhi zaidi kwenye kurudia huku ni mbegu ambazo filamu imezishika mkononi na kuzitupa. Yuko msaidizi wa Wainwright, Frank, ambaye ajali ya mionzi ilimwondolea usikivu na usemi. Frank anauawa na nzige kwa sababu hawezi kumsikia akija. Ni tukio la dakika chache, na ndilo pekee lililonikaza mgongo. Filamu ambayo mwisho wake unategemea sauti ilikuwa na mtu asiyesikia, mtu ambaye mwili wake tayari umelipa gharama ya ile ndoto ya kumaliza njaa, na ikammaliza mapema ili wazuri wawili wabaki na muda wa kutazamana. Wainwright mwenyewe anahuzunika kidogo, kisha anakuwa shujaa. Mtu aliyetaka kulisha dunia ameangamiza mji, na hakuna anayemkalisha chini.

Halafu kuna Chicago. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia lililotengenezwa na binadamu. Zama za atomiki zilianzia pale, chuoni, wanafunzi wakipita nje. Miaka 15 baadaye filamu inataka kulipiga jiji hilohilo bomu kwa sababu ya mionzi, na haifanyi lolote na jambo hilo. Ingehitaji sentensi moja tu ya yule jenerali.

Gordon aliendelea na kazi yake, akatengeneza majitu, panya wakubwa, na mwaka 1977 akarudi kwa wadudu na Empire of the Ants. Herufi za mwanzo za jina lake ni B.I.G., na inaonekana alizichukulia kama maagizo. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 100.

Likizo iliyopita niliipeleka filamu Mwanga kwenye flashi. Usiku, umeme ulipokuwepo, nikamwekea bibi. Aliangalia kama dakika kumi, kimya, mikono mapajani. Panzi akatokea, mwanajeshi akapiga kelele.

"Wanakula nini hawa?" akauliza.

"Watu, Bibi."

Akaniangalia kuona kama namtania. "Mjukuu wangu, nzige hali mtu. Angekuwa anakula mtu tungemkimbia. Tulisimama palepale shambani, tunapiga masufuria, wao wanakula. Hawakutuangalia hata mara moja."

Akaomba nizime, kesho ana palizi.